Kurudi Wodini Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wauguzi

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi na wakunga waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, au wanaojiandaa kufanyiwa, na ambao wanajiuliza ni lini na kwa namna gani watarudi kazini. Maelezo mengi wanayopewa wagonjwa wa upasuaji huu yamemlenga mtu wa ofisini, mwenye meza, kiti na chupa ya maji pembeni yake. Kazi ya wodi haiko hivyo. Muuguzi anaweza kusimama tangu makabidhiano ya zamu mpaka mchana bila kukaa, akageuza wagonjwa wasiojiweza, akasukuma machela, na asikumbuke kwamba hajaweka kitu kinywani. Msimamo wetu ni kwamba kidonda kwa kawaida hupona bila matatizo makubwa, na kwamba linalohitaji kupangwa mapema, kabla hata ya kuingia chumba cha upasuaji, ni maji, chakula na mapumziko ndani ya zamu. Majibu haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari aliyekupasua, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alichokikuta na alichokifanya.

Nitahitaji kukaa nyumbani kwa muda gani?

Inategemea aina ya upasuaji na aina ya kazi. Katika upasuaji wa slivu, takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo huondolewa na kubaki mrija mwembamba. Katika baipasi, daktari hutengeneza kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Siku hizi zote mbili hufanywa zaidi kwa njia ya matundu madogo, na wagonjwa wengi huruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3. Mfanyakazi wa ofisini huweza kurudi baada ya wiki 2 au 3. Muuguzi wa wodi, wa chumba cha kujifungulia, wa dharura au wa mifupa anahitaji wiki 4 hadi 6, na aliyefunguliwa tumbo kwa mkato mkubwa huhitaji zaidi ya hapo.

Wanaowekewa puto tumboni, huduma ambayo kwa Tanzania inapatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila, hawakatwi popote. Hata hivyo siku za mwanzo huwa na kichefuchefu, kutapika na maumivu ya kubana, na ni busara kuacha wiki moja kabla ya kupangiwa zamu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni muuguzi kuandikiwa wiki 2 kwa sababu daktari aliandika kwa mazoea, naye akanyamaza. Mweleze daktari wako unafanya kazi wapi na unafanya nini hasa. Sentensi moja inayosema kwamba una wagonjwa wa kiharusi wanaogeuzwa kila baada ya saa 2 itabadilisha anachokiandika kwenye cheti chako cha mapumziko.

Sheria inanipa siku ngapi za likizo ya ugonjwa?

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Ukitumia wiki 6 kwa upasuaji huu, umetumia siku 42, na ni vizuri ujue hivyo ili ukiugua tena kabla ya mzunguko kwisha usishangae. Aliye serikalini amwone pia afisa utumishi, kwa sababu watumishi wa umma wana Kanuni za Kudumu zinazogusa jambo hilohilo.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini kabisa, ambacho ni siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 2 mfululizo. Hizo hazitoshi kwa upasuaji huu. Soma mkataba wako na makubaliano ya chama cha wafanyakazi mapema, kwa kuwa waajiri wengi hutoa zaidi ya kiwango hicho, na pale pasipo na zaidi utalazimika kuziongezea siku zako za likizo ya mwaka.

Kwa wenzetu walioajiriwa katika hospitali za umma za Uingereza, mwaka wa kwanza wa utumishi hutoa mwezi 1 wa malipo kamili na, baada ya kutimiza miezi 4 kazini, miezi 2 ya nusu malipo. Viwango hupanda kadiri miaka ya utumishi inavyoongezeka. Walioko Marekani wana haki ya wiki 12 za likizo isiyo na malipo chini ya sheria ya shirikisho, mradi wamemfanyia mwajiri huyo kazi miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi.

Katika nchi zote hizi, cheti cha daktari ndicho kinachokulinda. Kipeleke mapema, na ubaki na nakala yako.

Je, lazima nimweleze mkuu wa wodi ni upasuaji gani nimefanyiwa?

Si lazima. Cheti kinachosema kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba hutakiwi kunyanyua vitu vizito mpaka tarehe fulani kinatosha kwa upangaji wa zamu. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na faili lako halipaswi kusomwa na kila aliye zamu kwa sababu tu mnafanya kazi jengo moja. Hilo lina uzito wa pekee kwa muuguzi aliyepasuliwa katika hospitali anayofanyia kazi, ambako mtu wa masjala ni jirani yake na mtu wa maabara alisoma naye chuo.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, ni heri mtu mmoja kazini ajue ukweli wote. Anaweza kuwa mkuu wa wodi ikiwa mna maelewano, au mwenzako mnayepangwa naye mara kwa mara. Sababu ni ya usalama: ukianguka katikati ya zamu, mtu huyo atawaambia madaktari kwamba tumbo lako limebadilishwa, na maelezo hayo yatabadilisha matibabu yako ndani ya dakika za mwanzo.

Nikirudi, ni kazi zipi nizikwepe?

Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, madaktari wengi huweka kikomo cha kilo 5 hivi kwa kitu unachonyanyua. Huo ni uzito wa mtoto wa miezi michache, si wa mtu mzima. Kumsogeza mgonjwa juu ya kitanda, kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye machela, kuburuta mtungi mkubwa wa oksijeni, kusukuma kitanda chenye mgonjwa kwenye mteremko wa kwenda mionzi, na kubonyeza kifua cha aliyesimama moyo, vyote vinazidi kikomo hicho au vinakaza misuli ya tumbo kwa nguvu ambayo matundu yako bado hayajaimudu. Matokeo yanayoogopwa ni ngiri mahali palipotobolewa.

Swali la kubonyeza kifua huwaumiza wauguzi wengi kimoyo, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama akimtazama mgonjwa anakata roho. Ndiyo maana lazima lisemwe kwenye makabidhiano, si wakati mgonjwa ameshabadilika. Sema wazi kwamba leo wewe utaandaa dawa, utaita timu, utashika saa na kuandika, na mwenzako ndiye atakayebonyeza. Kama zamu ina muuguzi mmoja tu, hali ambayo katika vituo vya afya vya pembezoni ni ya kawaida, basi hujawa tayari kurudi kwenye zamu hiyo, na daktari wako anapaswa kuliandika hivyo.

Kazi nyepesi zipo katika kila hospitali: kliniki ya baba, mama na mtoto, chumba cha chanjo, mapokezi, ushauri nasaha, uandishi wa takwimu, ufundishaji wa wanafunzi. Omba wiki 2 au 3 za namna hiyo kwa maandishi, ukitaja tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Ombi lenye tarehe hukubaliwa kwa urahisi zaidi kuliko lisilo na mwisho.

Nitakunywaje maji ya kutosha nikiwa zamu?

Hili ndilo swali tunalotaka kila msomaji alipe uzito. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa wa upasuaji huu hospitalini katika wiki za mwanzo, na muuguzi yuko hatarini kuliko wengi kwa sababu amezoea kutokunywa. Kabla ya upasuaji ungeweza kukaa na kiu tangu asubuhi na kisha kumaliza nusu lita kwa mkupuo ukifika nyumbani. Sasa mkupuo huo haupiti. Tumbo dogo hupokea funda moja baada ya jingine, na lita moja na nusu unayotakiwa kuifikisha kwa siku haiwezi kulipwa jioni kama deni.

Pia huruhusiwi kunywa pamoja na chakula, na baada ya kula unasubiri kama nusu saa. Ukiondoa muda huo, muda wa kuvaa gauni na barakoa, muda wa raundi ya madaktari na muda wa kugawa dawa, utaona kwamba nafasi za kunywa katika zamu ni chache, nazo zinapaswa kujulikana kabla zamu haijaanza. Njia ambayo tumeiona ikifanya kazi ni kuwa na chupa ndogo ya mililita 250 yenye jina lako, iliyowekwa kwenye chumba cha wauguzi mahali utakapopita tu hata usipotaka, na kuifunganisha na kazi zenyewe: mafunda mawili kila unapomaliza kuandika faili la mgonjwa, mawili kila unaponawa mikono kutoka chumbani kwa mgonjwa. Chupa iwe imekwisha kabla ya chai ya saa nne, ijazwe tena, iishe kabla ya saa sita.

Wauguzi wa chumba cha upasuaji wana ugumu zaidi, kwa kuwa ukishavaa gauni tasa kwa ajili ya operesheni ndefu hakuna kunywa wala kutoka. Tunashauri wapangwe kwanza kama wauguzi wa kuzunguka, ambao wanaweza kutoka kidogo, na warudi kwenye kusaidia mezani baadaye.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu unaponyanyuka na midomo kukauka ni dalili ambazo ungezitambua kwa mgonjwa wako ndani ya dakika moja. Zitambue na kwako.

Nile nini kazini, wakati kantini ina chapati, wali na chipsi?

Ukirudi kazini kwenye wiki ya 4 bado utakuwa kwenye vyakula vilivyopondwa au laini, kwa kuwa mpangilio wa kawaida huanza na vimiminika kwa takriban wiki 2, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida hurudi polepole kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8. Kwa hiyo beba chako. Mtori uliosagwa na nyama yake, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, mayai yaliyovurugwa laini, mtindi usio na sukari, samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba, supu ya dagaa iliyosagwa: vyote hivi vinabebeka na vina protini, na protini ndiyo inayotangulia kwenye kila mlo. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, na hapo unaona kwa nini uji mtupu wa mahindi, ambao unashuka kwa urahisi na kumridhisha kila mtu, hautoshi.

Chapati, mkate laini, wali na ugali mgumu hukwama kwa wengi katika miezi ya mwanzo, na nyama choma kavu hukwama zaidi. Anayekula kwa dakika tano akiwa amesimama, kama tulivyozoeshwa tangu mafunzo kwa vitendo, atatapika. Kula kwa dakika 20 au 30, vijiko vidogo, ukiwa umekaa. Ikiwa mapumziko yako ni ya dakika 30 yanayokatizwa kila mara, mwombe mkuu wa wodi akupe mapumziko mawili yasiyoguswa, kila moja la kutosha mlo mdogo, kwa kuwa sasa unakula kidogo mara tano au sita kwa siku na mlo mmoja mkubwa haukufai.

Je, naweza kupangwa zamu za usiku?

Unaweza, lakini tusingeanza nazo. Zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi na mbili huvuruga ratiba ya milo, dawa na maji kwa wakati mmoja, na mtu aliyelala mchana hupoteza saa ambazo angekunywa. Tunapendekeza wiki 4 za kwanza baada ya kurudi ziwe za mchana. Ukianza usiku, ihesabu siku yako kuanzia unapoamka: ukiamka saa nane mchana, hicho ndicho kifungua kinywa chako, na vitamini za asubuhi zinaliwa hapo. Usizivushe mpaka asubuhi ya kweli inapofika ukiwa umechoka na unataka kulala tu.

Nusu saa baada ya kunywa chai yenye sukari natokwa jasho, moyo unadunda na tumbo linakata. Ni nini?

Kwa aliyefanyiwa baipasi, na mara chache zaidi aliyefanyiwa slivu, sukari nyingi ikiingia kwenye utumbo kwa kasi huvuta maji na kuleta hali iitwayo dampingi: jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuharisha na uchovu unaomlazimisha mtu kulala. Hutokea ndani ya dakika 10 hadi 30. Aina ya pili huja saa 1 hadi 3 baada ya kula, nayo ni sukari ya damu kushuka. Hiyo ya pili ndiyo ya hatari kwa anayepima dozi na kuweka dripu, kwa sababu huanza na kuchanganyikiwa kidogo ambako mwenyewe halioni. Ukijihisi hivyo, acha dawa unayoiandaa, mkabidhi mwenzako, kaa chini na pima sukari. Soda na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vinavyoandaliwa kwenye kila sherehe ya wodi, ndivyo vyanzo vya kawaida.

Vitamini ni za muda gani, na nizimeze vipi?

Za maisha. Kwa kawaida zinahitajika vitamini mchanganyiko, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku zilizogawanywa, vitamini D, vitamini B12, na madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Viachanishwe kwa angalau saa 2. Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji wa chuma, kwa hiyo vidonge vya damu visiliwe karibu na chai ya saa nne. B12 inaweza kutolewa kwa sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Sindano hiyo ichomwe na mwenzako kutokana na dawa uliyoandikiwa na kununua kwa jina lako. Akiba ya wodi ni ya wagonjwa.

Mgongo unaniuma baada ya zamu. Naweza kuomba diklofenaki?

Hapana. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa nyingine za kundi hilo huweza kusababisha kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na baada ya baipasi zinapaswa kuepukwa kabisa. Kwa waliofanyiwa slivu wengi wa madaktari hutoa tahadhari hiyohiyo. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu wodini dawa hizi ziko karibu, na ni jambo la kawaida mtu kumwambia mwenzake, “Sista, nichome moja, nimalize zamu.” Tumia parasetamo, na maumivu yakizidi mwone daktari.

Nimejichoma sindano iliyotumika kwa mgonjwa. Je, upasuaji unabadilisha chochote?

Utaratibu haubadiliki: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, anza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na uzitumie kwa siku 28. Kinachobadilika ni kile unachokimeza pamoja nazo. Dolutegravir, iliyomo kwenye dawa za kinga zinazotumika sana sasa, hushikwa na kalsiamu na chuma tumboni na kufyonzwa kidogo. Imeze saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baada yake, na mweleze anayekuandikia kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo. Wengi husahau kutaja, kwa sababu kwenye fomu ya tukio hakuna mahali panapouliza hivyo.

Ni dalili zipi zinapaswa kunitoa zamu mara moja?

Katika wiki za mwanzo, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika bila kutulia ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote, hata kama tumbo haliumi sana, kwa kuwa yanaweza kuwa ishara pekee ya uvujaji kwenye mshono. Homa, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida na tumbo kuwa gumu huongeza uzito wa hofu hiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, huenda ni damu iliyoganda kwenye mishipa, na hatari hiyo huendelea kwa mwezi mzima au zaidi baada ya upasuaji. Kinyesi cheusi kama lami ni kutokwa damu.

Kutapika kila siku kwa zaidi ya siku chache hupoteza vitamini B1, nayo ikiisha mtu huanza kuona viwili, kuyumba anapotembea na kuchanganyikiwa, na madhara yake kwenye ubongo huweza kubaki. Mgonjwa wa aina hii akifikishwa chumba cha dharura hapaswi kuwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa thiamini, yaani hiyo vitamini B1. Mwambie hivyo yule mmoja anayejua siri yako, leo, ukiwa mzima.

Homa usiipime kwa mazoea. Kwetu kila homa huitwa malaria, na kipimo cha haraka kikitoka hasi, au hata kikitoka chanya, muuguzi aliyepasuliwa wiki 3 zilizopita bado anapaswa kuonwa na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Wauguzi hujitibu, na huchelewa. Maneno “ni gesi tu” na “ni uchovu wa nait” yamechelewesha watu ambao wangeokolewa mapema.

Wenzangu wananiuliza ninaumwa nini. Nijibu vipi?

Katika jamii zetu kukonda haraka hakupokelewi kwa pongezi kila mara. Watu wazima wanakumbuka miaka ambayo kukonda kulimaanisha ukimwi, na hata wauguzi, wanaojua vizuri zaidi, hunong'ona. Wengine watajua ulichofanyiwa na kusema kwamba umekwepa jasho la mazoezi. Unene uliokithiri ni ugonjwa wenye chanzo katika homoni, urithi na mazingira, na zamu za usiku zenyewe zinachangia. Aliyetibiwa kwa upasuaji ametibiwa, kama aliyetolewa kibole.

Jibu fupi, lile lile kila siku, hukomesha maswali haraka kuliko maelezo marefu: “Nilikuwa na tatizo la tumbo, nikatibiwa, sasa naendelea vizuri, ahsante.” Anayeendelea kuuliza baada ya hapo hafanyi hivyo kwa kujali. Ukiamua kusema wazi ni haki yako pia, na baadhi ya wauguzi waliosema wamekuwa msaada mkubwa kwa wagonjwa wenye kisukari na shinikizo la damu ambao hawakuwa wamewahi kukutana na mtu aliyepitia njia hiyo. Lakini usisukumwe kusema.

Je, naweza kufunga Ramadhani au Kwaresima nikiwa kazini?

Miezi ya mwanzo haifai, na madaktari wengi hushauri kungoja mpaka mwaka mmoja au zaidi upite, kwa sababu maji yanayohitajika hayawezi kunywewa kati ya magharibi na alfajiri kwa mafunda madogo huku mtu akihitaji pia kulala. Mgonjwa ameruhusiwa katika Qurani kulipa siku nyingine, na wenye shaka wazungumze na shehe wao wakiwa na maelezo ya daktari mkononi. Kwa Mkristo anayefunga mlo au aina fulani ya chakula, jambo la kulinda ni protini na maji.

Ninapanga kupata mtoto. Nisubiri?

Subiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Uzito unapopungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati mwingine kwa mwanamke aliyekwisha kukata tamaa, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vya kutosha baada ya baipasi au wakati wa kutapika. Kijiti na kitanzi havipiti tumboni, kwa hiyo ni chaguo bora. Ukishika mimba, mkunga wako ajue: kipimo cha kunywa glukosi cha kupima kisukari cha mimba huweza kukuletea dampingi, na ipo njia nyingine ya kufuatilia sukari.

Nywele zinakatika na sare zinanining'inia. Ni kawaida?

Ndiyo. Nywele hupukutika zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6 kisha huota tena, mradi protini na chuma vinatosha. Kuhusu sare, usishone mpya nyingi mapema. Punguza zilizopo kwa fundi mara mbili, kisha ushone uzito ukitulia. Viatu pia huweza kulegea, na kiatu kinachoteleza kwenye sakafu yenye maji ni hatari kazini.

Nilifanyiwa upasuaji nje ya nchi. Nirudi na nini?

Rudi na ripoti ya upasuaji yenye jina la aina ya upasuaji, tarehe na matatizo yaliyojitokeza, majibu ya vipimo, na orodha ya dawa. Wanaokwenda India au Uturuki wengi hurudi na kifurushi cha vidonge na namba ya simu tu, na daktari wa hapa anabaki akikisia. Safari ndefu ya ndege huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo uliza kuhusu sindano za kuzuia kuganda na soksi za kubana, na utembee ndani ya ndege. Kabla hata hujaondoka, tafuta daktari wa upasuaji wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia.

Nikishazoea zamu zote, bado nitahitaji ruhusa za kwenda kliniki?

Utazihitaji. Vipimo vya damu, yaani wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, ini na figo, kwa kawaida hufanyika mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu ataonwa mapema zaidi, maana dozi za zamani huweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache tu baada ya upasuaji. Muuguzi aliyeendelea na glibenklamidi ileile anaweza kuanguka kwa sukari kushuka akiwa amebeba trei ya dawa. Mpe mkuu wa wodi tarehe zote za mwaka kwa pamoja, ratiba ya zamu inapoandaliwa, na uombe siku ya mapumziko iangukie hapo. Damu itolewe asubuhi unapotoka mapumzikoni. Usiipange mwishoni mwa zamu ya usiku, wakati hujanywa wala kula vya kutosha.